Makala Mbili Nilizotembeza Mweso

Kuandika si kazi ngumu. Wenye kusema iko ngumu ni wale walisoma sana. Mimi nilifika mwaka ya ine ya primere, baba akasema muhogo haungoje mutoto amalize shule, na zile herufi nilipata pale njo ninatumia mpaka leo. Kazi iko mu kutembeza. Makala yenye haisomwi iko kama mugonjwa mu tipoy bila wabebaji: amelala vizuri juu ya miti, wamemuinua kichwa na pagne iliyokunjwa, na hakuna fasi anaenda.

Ninasema tipoy juu mugonjwa alikuwa mama yangu.

Kijiji chetu kiko upande wa Walikale, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu ukitoka Kalembe. Siku watu wa bunduki walipokichoma, mama alikuwa mu shamba ya ndani ya pori. Alikuwa analala kule kufukuza nguruwe mu muhogo, na alipoona moshi akabaki palepale. Mimi nilikimbia na upande mwingine mpaka Mweso. Watu wengine walirudi nyuma ya miezi kupita, wakajenga tena vijumba vya majani, mama akatoka pori akakaa nao. Lakini kati yangu na yeye kulikuwa bariere ya Kalembe, ile kamba wenye bunduki wanavuta kati ya njia, na mimi sikuwa muntu wa kupita pale. Kisha akajikata na jembe. Kidonda kidogo, kikavimba, kikapanda kuelekea goti. Hospitali iko Mweso. Muguu ulikuwa kule.

Kwetu mugonjwa habebwi na familia yake peke yake. Kila nyumba inatoa mwanaume, wanapokezana mabega, hata kama wewe na ile familia hamusalimiane. Wanaume walikuwa tayari. Lakini ku bariere kila bega linaombwa jeton, ile karatasi ndogo ya muhuri yenye watu wa bunduki wanauzisha ili upite mu njia yenye Mungu alikupa bure. Na jeton haitoki kwa kila muntu. Mwenye kuikata njo anaamua.

Sasa ninataja. Majina sitaweka, lakini muntu iko na vitu vingi zaidi ya jina. Mwenye kukata jeton alikuwa zamani muuza chumvi wa kijiji chetu. Alipima chumvi na kopo ya nyanya, na kila akipima kidole gumba chake kiko ndani ya kopo, kinakula fasi ya chumvi yako. Tulijua wote. Tulikuwa tunacheka, tunasema tumenunua kidole na chumvi kidogo juu yake. Siku ya moto nilijificha mu migomba nyuma ya choo, na nilimuona kwa macho yangu anatembea mbele ya wenye bunduki, anaonyesha nyumba: hii ililipa, hii ilikataa. Alipofika ku yetu alionyesha na kile kidole gumba, kama muntu anaonyesha fasi ya kuketi. Bwana yangu alikuwa ndani.

Wa pili ni shefu wetu. Alijua mbele, juu mbuzi zake zote zilihama siku moja kabla na hakuna mbuzi inaota ndoto.

Ku Mweso nilianza kupika mandazi kando ya njia ya soko. Nilikuwa na telefone ya kioo kilichopasuka, na mu ile telefone nikaandika yale niliona, polepole, na kidole kimoja, mafuta ya mandazi kila fasi. Kulikuwa gazeti moja ya mutandao, ya Goma, yenye ilikuwa inaomba ushuhuda wa wakimbizi. Nikatuma. Kaka wa gazeti alinipigia, sauti ya muntu ameshiba lakini si mubaya, akaniambia nitoe jina la muuza chumvi, sheria haikubali. Nikatoa jina. Kidole nikaacha.

Wakaiweka. Nikangoja. Hakuna kilichosogea. Nilipomupigia tena aliniambia ukweli: watu waliosoma anawajua karibu wote, wengine ni ndugu zake. Akaniambia gazeti kazi yake ni kuweka tu, kutembeza ni kazi ya mwandishi. Nikamuuliza makala ikitembea itafanya nini. Akasema kule Goma kuko watu wanaweza kuita wakubwa wa wale wa Kalembe, wakubwa wanaona haya wakiona jambo liko mu telefone ya kila muntu, na tipoy ya mama yako inapita. "Ikibakia hivi, Mama, ni siri yako na yangu." Ile njo matumaini alinipa. Nikaishika na mikono yote.

Jirani yangu wa soko alikuwa mama mumoja wa Buleusa, muuza sombe ya majani ya muhogo, mwenye mudomo mukali kuliko pilipili yake. Yeye hasomi, nikamusomea. Makala ilikuwa inaanza: mimi ni mukimbizi wa vita. Akaacha kutwanga.

"Dada, hapa Mweso hata mbuzi iko mukimbizi. Nani atanunua hiyo? Anzia ku kidole."

Nikaanzia ku kidole. Kaka wa Goma akabadilisha kule, akanisifu, akasema nimefahamu kazi. Sikumuambia ni muuza sombe aliyefahamu.

Kisha nikafikiri: watu wananunua nini kwangu kila siku bila kuombwa? Mandazi. Na mandazi inafungwa mu karatasi. Nikaenda kwa mwenye mashini ya fotokopi, akanitolea makala kwa herufi kubwa, lakini si yote. Nilimuonyesha fasi ya kukata. Ilikuwa inafika: akasimama mbele ya mulango wetu, akanyoosha. Pale karatasi inaisha. Chini nikaandika kwa kalamu kwamba mwisho uko mu telefone ya muuza mandazi. Muntu anakula, anasoma karibu na mafuta, anafika ku akanyoosha, anageuza karatasi, nyuma iko nyeupe. Wanarudi. Motari mumoja, wa kubeba abiria na pikipiki, alikuja na karatasi mukononi, mudomo bado umejaa:

"Mama, alinyoosha nini? Nimekula mandazi tatu na sijafika ku mwisho."

"Kula ya ine."

"Nikikula ya ine nitakufa mbele ya kujua."

Nikamupa mwisho. Hakucheka tena. Akaniuliza kama ninaweza kuisoma kwa sauti, aibebe, juu mama yake ku Kitshanga hajui kusoma na anapenda habari. Ile ikanifungulia akili. Nikaisoma mu telefone kwa sauti yangu, fupi, juu mega ni mali, na wamotari wakaibeba. Wamotari wanakaa siku nzima kungoja abiria, masikio yao hayana kazi. Waliipeleka Kitshanga, waliipeleka njia ya Pinga, wakaiweka mu statu zao na picha ya mandazi. Watoto sokoni walianza kupimiana mchanga na makopo, kidole ndani, wanaitana muuza chumvi.

Nilifurahi. Ninaandika hivyo juu ni kweli. Tangu moto sikuwa nimefurahi na kitu.

Fasi ya mwisho ilikuwa kwa papa wa kuchaji telefone. Alikuwa na vioo vya jua juu ya bati, na mu kijumba chake meza ndefu yenye telefone za Mweso nzima zinalala toka asubuhi mpaka jua linainama, kila moja na kipande cha plasta chenye alama. Nilimuomba, kabla ya kurudisha telefone ya muntu, aingize ndani sauti yangu. Hiyo haiombi rezo ya mutandao wala mega, ni telefone na telefone, kama kuwashiana moto. Yule papa alipoteza ng'ombe zake zote mu milima ya Masisi na hakuwahi kuandikwa mu gazeti yoyote. Akafikiri, akasema, "Telefone yenye imeingia kwangu tupu itatoka na kidole ndani."

Hapa njo tulikosea, mimi na yeye, na ni kosa la watu wa kwetu. Fasi ingine telefone ni ya muntu mumoja, iko mu mufuko wake kama meno yalivyo mu kinywa chake. Kwetu, siku ya soko, mama mumoja anabeba kitunga, anapita nyumba kwa nyumba, anakusanya telefone za kijiji nzima, anaziweka juu ya maharagi, anazileta Mweso zichajiwe, jioni anazirudisha. Ku Kalembe vioo vya jua viliibwa zamani. Kwa hiyo kitunga cha Kalembe kilikuja, kama kila soko. Papa wa kuchaji akatia sauti yangu mu zote, moja kwa moja, kwa uaminifu. Na mu kile kitunga, kati ya telefone za wakulima, kulikuwa ya muuza chumvi.

Sauti yake ilinifikia asubuhi, ninakanda unga. Zamani alikuwa ananiita shemeji, juu alikuwa anakunywa pombe ya kasiksi na bwana yangu siku za Mungu nyuma ya misa. Akaniita vile vile.

"Shemeji, nimekusikia. Kumbe shule ilikuingia. Hata askari hapa wanajua maneno yako kwa kichwa, wananiomba niwaonyeshe kidole. Sasa sikia na wewe. Mama yako walimuleta jana na tipoy. Iko hapa, amelala mu kijumba karibu na kamba. Ninamupa uji. Mbele hataenda, nyuma hatarudi. Uliniandika mubaya, utaniandika muzuri. Utasema siku ile nilikuwa Mweso kuchukua chumvi. Utasema mimi njo ninapitisha wagonjwa. Watu wakiijua hii kama walijua ile, mama anapita na mabega yake yote."

Nilisikiliza tena, na tena. Mafuta yakaungua. Mama wa Buleusa aliivuta sufuria yangu kutoka moto, akaniwekea mukono mugongoni kama muntu anatuliza ng'ombe.

Sikuwa na njia. Kwenda Kalembe mwenyewe, nitakuwa wa pili mu kile kijumba. Wale wakubwa wa Goma wenye kuona haya, nilimuuliza kaka wa gazeti wako wapi. Akasema bado wanasoma. Nikamuambia habari ya makala ya pili, akaikataa, akanijibu bila hasira kwamba gazeti halijisahihishi mbele ya bunduki, kwamba ukweli ukishawekwa unabaki. Alisema vizuri. Mama yake alikuwa anaishi naye, ku Goma, mu nyumba ya mulango wa chuma.

Nikaiandika peke yangu, nikaiweka mu ukurasa wangu. Kuko muntu mumoja wa Kalembe, muuza chumvi wa zamani, mwenye huruma. Siku ya taabu ya kijiji chetu alikuwa mbali, Mweso, kuchukua mizigo. Wenye kumuona pale waliona vibaya, juu ya moshi na hofu. Leo anasimamia njia na wagonjwa wanapita. Niliandika waliona vibaya, sikuandika niliona vibaya. Ile silabi moja tu njo nilijiachia.

Kisha nikaenda kuitembeza kwa njia zilezile, juu sikujua zingine. Nikafunga mandazi. Watu walifungua karatasi, wakasoma kidogo, wakapangusia vidole. Nilijaribu kukata karatasi fasi ya utamu, na nikaona haina fasi ya utamu. Ukikata uongo katikati hakuna muntu anarudi kuuliza mwisho. Yule motari wa mandazi tatu nilimupa sauti mupya, akaisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia telefone.

"Mama, hii nitaipeleka kwa nani?"

"Kwa mama yako."

"Mama yangu alilia na ile ya kwanza. Nitamuambia nini, kwamba alilia bure?"

Papa wa kuchaji hata hakunitazama. Akasema telefone za watu si shimo la takataka, akaendelea kupanga nyaya zake. Na alikuwa na haki. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na wote, kwamba wanapenda ukweli sana siku ambayo unamuua mama yangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipaswa kufika Kalembe.

Sauti nyingine ikaja.

"Shemeji, ile ya kwanza ilinifikia bila kuitwa. Hii ninaulizia kila muntu anatoka Mweso, hakuna anaijua. Unaniandika polepole? Muguu wa mama unaanza kunuka."

Nyuma ya sauti yake nikasikia muntu anakohoa. Nilijua ule mukohozi toka tumboni.

Wiki ile ile, muzee mumoja wa kijiji chetu alikufa hapa Mweso, mu kambi ya wakimbizi. Hakuuawa. Alichoka tu chini ya shitingi ya plastiki, muntu aliyekuwa na migomba mpaka mutoni. Walimuzika asubuhi, na muchana tukaketi kilio mbele ya kijumba chake, wanawake chini ku mikeka, wanaume ku bidon za maji na mawe.

Kilio kwetu kiko na sheria zake, na hata walokole hawakuziondoa. Muntu akisimama kwenye kilio akasema, hakuna anamukatiza. Anaweza kusema vile marehemu alimusaidia, anaweza kusema deni, anaweza kumaliza ugomvi wa miaka. Ubishi kwenye kilio unaita kilio kingine, njo wazee walifundisha. Kwa hiyo wanangoja amalize, wanajibu pamoja, "Tumesikia." Na hakuna anadanganya pale, juu maiti, hata akisha kuzikwa, bado anasikiliza. Siku hizi njia zimefungwa, ndugu hawafiki. Walio Goma hawafiki, walio Walikale hawafiki, walio Kampala kabisa. Basi kila kitu kinachosemwa kinashikwa mu telefone na kutumwa kwao, wakae kilio kule wako. Sauti za kilio hakuna anazifuta. Hakuna anauliza kama ni kweli. Muntu anaipokea, anamupa jirani, anasema sikiliza, kilio cha kwetu.

Niliona zile telefone zimenyooshwa mbele, kumi ao zaidi, zinangoja muntu asimame. Nikafahamu ninaangalia nini.

Karatasi ilikuwa mu kitambaa changu. Mama wa Buleusa alikuwa ameketi kando yangu, alikuja kunisindikiza tu. Aliuona mukono wangu unaingia mu kitambaa.

"Dada, hapa hapana."

"Mama yangu iko Kalembe."

"Na huyu muzee iko wapi?"

Nilisimama.

Nilisoma yote. Sikusoma haraka, niliisoma vile nilijifunza kusomea wamotari, na kupumzika fasi ya kupumzika, juu kama utafanya kazi mubaya ifanye ifike. Nilisema alikuwa mbali, Mweso. Nilisema waliona vibaya, juu ya moshi. Pale nilipofika hapo kulikuwa wanawake wanne ku mukeka, mbele yangu, wenye nyumba zao zilionyeshwa na kile kidole kabla ya yangu. Wawili waliangalia chini. Mumoja aliangalia uso wangu mpaka mwisho na hakupepesa. Mujane wa muzee alikuwa ameinamisha kichwa, pagne juu ya macho. Hakuna aliyenikatiza, juu watu wangu wako na adabu, na ile adabu niliichukua nikaibeba kama mwizi anabeba mulango.

Nilipomaliza wakajibu, juu ni lazima kujibu.

"Tumesikia."

Ilitembea. Ya kwanza ilikuwa inatembea na miguu, hii iliruka. Kabla ya giza ilikuwa Goma. Ilirudi Kitshanga kwa njia ingine, ikaenda Walikale, watu wenye hawakuwahi kusikia habari ya kidole walisikia habari ya muntu mwenye huruma ku Kalembe. Kaka wa gazeti alinipigia, sasa sauti yake haikuwa ya kushiba. Akasema wasomaji wanamutumia sauti yangu mwenyewe, wanamuuliza kwa nini gazeti bado inachafua muntu wakati mwandishi alijikana kwenye kilio. Wakubwa wake hawataki shida. Ile makala ya kwanza wameiondoa. Nilimuuliza kama kuna njia ya kuondoa ya pili pia, akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Hiyo, Mama, haiko kwetu. Iko kwa watu."

Muuza chumvi hakutuma sauti tena. Alituma mama.

Tipoy iliingia Mweso siku ya soko, katikati ya watu, na watu wakafungua njia. Nilikimbia na unga mikononi. Mama alikuwa mudogo, kama mutoto wamemufunga mu blanketi, lakini macho yake yalikuwa yake, na muguu ulikuwa bado muguu. Ku hospitali walikata nyama iliyooza, wakaosha, wakakata tena. Ulipona umepinda. Anatembea na fimbo.

Wabebaji walikuwa wanaume wa kijiji chetu, na mumoja wao ni ndugu ya yule mama aliyeniangalia bila kupepesa. Niliwawekea maji na mandazi ya moto. Wengine waliangaliana. Yeye njo alisema, kwa upole, hata mukono wake ulikuwa ku moyo:

"Mama, tulimubeba mama yako juu ni mama wa kijiji. Maji tutakunywa siku ingine."

Wakarudi na njia yao, wakapita ku ile bariere, jeton mukononi. Mandazi ikabaki ku sahani mpaka ikapoa.

Mama wa Buleusa alihamisha meza yake ya sombe upande mwingine wa soko. Hatukugombana. Alisema kule kuko kivuli. Hakuna kivuli. Motari ananunua bado kwangu, lakini anaomba nifunge mu jani. Papa wa kuchaji ananichajia telefone, anaweka plasta yake, anageukia muntu mwingine. Wenye kuwa wazuri na mimi sasa ni watu wenye sikutaka: kulikuja katibu wa shefu wetu, yule wa mbuzi, akaniambia mukubwa wake amesikia vile ninasoma, na kama ninaweza kumutengenezea kitu kidogo, kabla ya watu kurudi kijijini. Nilimumwagia maji ya kuosha unga karibu na viatu. Si ku viatu. Karibu.

Ile bariere leo iko na watu wengine. Walimufukuza muuza chumvi, kumbe bunduki pia inabadilisha muchuuzi. Wanasema iko pande za Pinga ao amevuka. Kwa hiyo si yeye ananizuia kusimama kwenye kilio kingine na kusema: siku ile nilidanganya, mimi njo niliona, nyuma ya choo, mu migomba. Watu wa kijiji wangejibu. Ninajua wangejibu.

Ananizuia mama.

Kule ku kamba, alipokuwa amelala, askari walipiga ile sauti ya kilio kila saa, kwa kila muntu anapita, na yeye alisikia. Hasomi, hajawahi kuona karatasi yangu hata moja. Anachojua ni sauti ya binti yake inasema kwenye kilio. Siku za kwanza ku hospitali nilikuwa ninamulisha, akanishika mukono wenye kijiko.

"Kumbe hakuwa yeye."

Nikaangalia kijiko.

"Wakati wote ulilia mu telefone ukisema ni yeye, na mimi nilimuchukia. Nilikula uji wake nikiwa ninamuchukia. Kisha nikasikia wewe mwenyewe. Ulifanya vizuri, mwanangu. Ni ngumu muntu kusema aliona vibaya."

Nilifikiri nitamuambia akipata nguvu. Alipata nguvu, akapata fimbo, akapata fasi mu kanisa, akawaambia wanawake wenzake. Nikimuambia leo, kwake moto ule ni kazi ya watu wabaya, lakini uongo mbele ya maiti ni kazi ya tumbo lake. Atanituma nisimame tena mbele ya watu, na kabla ya hapo atalazimika kujua nilimununua na nini. Ule muguu anaotembea nao atauangalia namna ingine. Ninamujua. Anaweza kuacha kula.

Basi hii ninaiandika peke yangu, na siitembezi. Haijafungwa na mandazi, haina sauti. Mwenye ataipata ataipata.

Tunaishi kijumba kimoja, shitingi moja. Jua likianza kushuka, kabla ya bugali, mama anaweka fimbo chini na kuomba kwa sauti, kama anavyoomba toka nilipokuwa mudogo. Anawaombea wafu, anamutaja bwana yangu. Anawaombea wabebaji. Kisha anamuombea yule muuza chumvi wa Kalembe, popote alipo, Mungu amulinde kama alivyolinda wagonjwa, na awasamehe wenye walimusingizia. Anangoja, kichwa chini. Mimi ninasema amina, juu nisiposema atainua macho kuniuliza.